Samaki Aliyebadilishwa na Ulinzi wa Ziwa Letu



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu chakula, na yanahusu pia ulinzi. Ni juu ya samaki ambaye wataalamu wamembadilisha chembe zake za urithi, yaani jeni, ili akue upesi kuliko desturi yake. Pengine mtauliza: mambo ya maabara za ng'ambo yanamhusu nini askari wa Burundi? Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, askari naye hula. Pili, ziwa halina ukuta, na mipaka ambayo samaki huyo angeweza kuvushwa ndiyo ile ile mnayoilinda ninyi.

Tuanze na haja yenyewe. Watu wa Kinindo, na wa mitaa yote ya Bujumbura iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, wamezoea kwamba ndagala, mukeke na sangala ni kitoweo cha nyumbani. Lakini ziwa limeelemewa. Wavuvi wameongezeka, na nyavu za matundu madogo huzoa hata wachanga. Tena, tangu mwaka 2003 wataalamu wamekuwa wakieleza kwamba joto la dunia linayazuia maji ya juu yasichanganyike vema na maji ya chini yenye rutuba, na kwa hiyo chakula cha samaki kimepungua. Ndiyo maana nchi nne za ziwa hili, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kufunga uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka, tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kuanzia mwaka 2024. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Katika hali kama hiyo, mtu akileta habari za samaki anayekua maradufu, atasikilizwa, na ni haki asikilizwe.

Je, samaki huyo ni yupi? Mwaka 1989, nchini Kanada, wataalamu walimtia samoni wa Atlantiki jeni ya homoni ya ukuaji iliyotoka kwa samoni wa Pasifiki aitwaye Chinook. Waliiunganisha na kipande kidogo cha jeni kutoka kwa samaki mwingine wa bahari ya baridi, kipande kinachofanya kazi kama swichi ya taa. Samoni wa kawaida hukua kwa majira. Huyu mpya taa yake huwaka mwaka mzima. Hufikia uzito wa kuuzwa kwa miezi 16 hadi 18, badala ya miaka ipatayo mitatu. Marekani ilimruhusu kuliwa mwaka 2015, Kanada ikafuata mwaka 2016, na mwaka 2017 tani zipatazo nne na nusu ziliuzwa huko Kanada. Mwaka 2021, Japani nayo iliruhusu samaki wa baharini ambaye jeni yake moja inayozuia nyama kunenepa imezimwa. Hata tilapia ameguswa: mwaka 2018 Argentina iliamua kwamba tilapia mmoja aliyehaririwa jeni hahesabiwi chini ya sheria zake za viumbe waliobadilishwa.

Faida zake si za kubeza. Samaki anayekua haraka hula chakula kidogo zaidi kwa kila kilo ya nyama, na bwawa moja hutoa mavuno mengi zaidi kwa mwaka. Tena samaki wa bwawani akipatikana kwa wingi, ziwa linaweza kupumzika. Taifa lenye watu wengi na ardhi finyu kama letu halina budi kuyapima mambo hayo kwa makini.

Sasa tuje kwenye hofu. Hofu ya kwanza ni ya sahani: je, nyama hiyo haitamdhuru mlaji? Swali hilo lilichunguzwa kwa miaka mingi. Mamlaka za chakula za Marekani na Kanada zilipima virutubisho, homoni na uwezekano wa kuleta mzio, zikahitimisha kwamba ni salama kuliwa sawa na samoni wa kawaida. Mlaji anayo haki ya kuambiwa anakula nini. Lakini uvumi kwamba jeni ya samaki itahamia katika mwili wa mtu hauna msingi. Kila siku tunakula jeni za maharage, za mihogo na za ndagala, wala hatugeuki kuwa maharage.

Hofu ya pili ni ya maji, na hapo ndipo penye uzito. Mwezi Novemba 2020, mahakama moja ya Marekani, huko California, ilisema kwamba serikali haikupima ipasavyo madhara ambayo yangetokea endapo samoni huyo angetoroka na kuingia majini. Na hali samaki wenyewe walikuwa wa kike watupu, wamefanywa tasa, wakafugwa katika matangi ya nchi kavu! Utasa huo hauhakikishwi mia kwa mia. Mwaka 1999, wataalamu William Muir na Richard Howard wa Chuo Kikuu cha Purdue walionyesha kwa hesabu jambo la kutisha: ikiwa dume aliyebadilishwa ni mkubwa na hupendwa na majike, lakini watoto wake ni dhaifu, basi jeni yake huenea kizazi hata kizazi huku ukoo mzima ukididimia, na mwisho wake waweza kuwa kutoweka.

Ndugu wasikilizaji, sisi wa Maziwa Makuu hatuhitaji kwenda Marekani kujifunza maana ya samaki mgeni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, ndagala wa aina moja walichukuliwa kutoka Tanganyika yetu wakapandikizwa katika Ziwa Kivu. Huko sehemu za kati za ziwa zilikuwa karibu tupu. Wakazaliana, na hadi leo, kwa jina la sambaza, wanalisha Goma, Bukavu na Gisenyi. Hiyo ni heri. Katika miaka hiyo hiyo sangara alitiwa katika Ziwa Victoria. Naye alileta viwanda Mwanza, Kisumu na Jinja, na fedha za kigeni kutoka Ulaya. Lakini aliwala furu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, na wengi wao hawaonekani tena. Minofu ikapanda ndege, na wengi wa kando ya ziwa wakabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki kiwandani. Sangara hakubadilishwa jeni, alihamishwa tu. Lakini somo ni lile lile: samaki mmoja hulisha ziwa moja na huvuruga jingine, na hakuna aliyeweza kumwita sangara arudi alikotoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tanganyika ina zaidi ya kupoteza. Ni ziwa la mamilioni ya miaka, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, na lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa tilapia, ambao wengi wao hawapatikani penginepo duniani. Tilapia mwenyewe, yule anayefugwa katika mabwawa, ni mwenyeji wa asili wa mto Rusizi na wa ziwa hili. Maana yake, tilapia aliyebadilishwa akiponyoka hapa hatakuwa mgeni mpweke. Atakuta jamaa zake wa kuzaa nao.

Na asiseme mtu kwamba bwawa lina kingo. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda likaingia majumbani Gatumba na Kibenga, jirani kabisa na Kinindo. Maji yaliyoweza kuwatoa watu vitandani hayashindwi kuwatoa samaki bwawani.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa sana, nayo ni ya utegemezi. Samaki tasa hazai. Kila msimu mfugaji hana budi kurudi kwa mwenye kampuni kununua vifaranga. Ile kampuni ya samoni tuliyoitaja ilitangaza mwezi Desemba 2024 kwamba inasimamisha ufugaji wake, kwa kukosa fedha. Mkulima tajiri wa huko atatafuta kazi nyingine. Mfugaji wetu, ambaye ameweka akiba yake yote katika bwawa moja, angekimbilia wapi?

Basi msimamo wa busara ni upi? Si kukataa elimu, wala si kuipokea macho yamefumbwa. Iko njia ya katikati ambayo imekwisha kujaribiwa. Tangu mwaka 1988, huko Ufilipino, wataalamu walikusanya tilapia kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegali, wakachagua wazazi bora kizazi baada ya kizazi, kama mfugaji anavyochagua fahali. Wakapata samaki anayekua upesi zaidi bila kutiwa jeni ya kiumbe kingine. Kwa hiyo polisi asimkamate mfugaji kwa sababu tu samaki wake ni wanene. Unene si ushahidi. Lakini hata samaki huyo wa kuchaguliwa ni mgeni kwa tilapia wa Rusizi, naye aingie kwa idhini ya wataalamu, si kwa ndoo ya magendo.

Na hapo ndipo zamu yenu inapoanza. Burundi ni miongoni mwa nchi zilizojiunga na Itifaki ya Cartagena, iliyoanza kutumika mwaka 2003. Itifaki hiyo inataka kiumbe hai kilichobadilishwa kisiingizwe kwa mara ya kwanza ili kiachiliwe katika mazingira, mpaka nchi inayokipokea ijulishwe, ipime hatari, na itoe ruhusa. Maneno hayo yameandikwa kwenye karatasi; utekelezaji wake uko Gatumba, uko Kobero, uko katika kila bandari na kila mwalo. Samaki aliyekufa, aliyekaushwa au kugandishwa kwa barafu, hawezi kulivamia ziwa. Wa kuulizwa ni yule aliye hai: vifaranga ndani ya mifuko ya nailoni yenye maji na hewa, vimefungwa katika katoni. Askari mwenye kuiona katoni hiyo na aulize: vimetoka wapi, ni vya aina gani, vinakwenda bwawa gani, na nani ametoa kibali? Pasipo kibali, awaite wataalamu wa uvuvi, wala asivimwage mtoni kwa kudhani amevihurumia. Kuvimwaga ndiko kuvikabidhi ziwa.

Bunduki hulinda mpaka unaoonekana. Mpaka wa ziwa ni mwembamba kuliko uzi, na adui wake aweza kuwa mdogo kama ukucha, tena aletwe na raia mwema anayetafuta riziki. Kwa hiyo ulinzi wake ni ujuzi na upole pamoja na uthabiti. Wajukuu wetu wakila mukeke, hawatajua jina la askari aliyeuliza swali siku ile mpakani. Lakini watakuwa wamekula.