Nyundo Ikishagonga: Familia Ihame Lini Baada ya Nyumba Kupigwa Mnada?

Familia za Nyeri, Karatina au Nanyuki ambazo nyumba zao zimepigwa mnada huuliza swali moja: tuondoke lini? Makala hii inalijibu. Lakini inashikilia pia kwamba swali hilo huulizwa likiwa limechelewa, kwa sababu siku zenye uwezo wa kuokoa nyumba ni zile zinazotangulia mnada, na sheria ya Kenya imezitoa nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Hatimiliki na deni vimeandamana katika eneo hili tangu mwanzo. Mpango wa Swynnerton wa 1954, wa serikali ya kikoloni, ulikusudia mashamba yaliyotawanyika yaunganishwe, yapimwe na yasajiliwe, ili mkulima awe na hati ya kumwezesha kukopa. Kazi hiyo ilifanyika Nyeri, Kiambu na Murang'a katikati ya Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau, huku watu wengi wakiwa vizuizini au wamefungiwa katika vijiji vya lazima. Karatasi iliyomhakikishia mkulima shamba lake ndiyo hiyo hiyo iliyoweza kumtoa humo. Na kwa kuwa huku nyumba, zizi la ng'ombe, kahawa na makaburi ya wazazi mara nyingi vimo katika hati moja, shamba likiuzwa vyote vimeuzwa.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inaipangia benki hatua. Mkopaji akikaa na malimbikizo kwa mwezi mmoja, benki inaweza kumpa notisi ya kifungu cha 90, yenye muda usiopungua miezi mitatu wa kulipa. Asipolipa, hufuata notisi ya kuuza ya kifungu cha 96, siku 40. Kisha dalali, kwa Kanuni za Madalali za 1997, hutoa notisi yake ya siku 45, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Hatua hizo zikifuatana, zaidi ya miezi sita hupita.

Miezi hiyo ina kazi. Mke ambaye jina lake halimo kwenye hati anapaswa kuuliza kama aliwahi kutia sahihi. Kifungu cha 79 kinasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali tu iwapo mwenzi anayeishi humo ametia sahihi katika hati za kuomba au za kutoa rehani hiyo, au hati zenyewe zinaonyesha kwamba ameiridhia. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 nayo inadai ridhaa ya maandishi, iliyotolewa kwa kuelewa. Kama shamba ni la kilimo, ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi nayo inahitajika. Deni lenyewe pia lihesabiwe upya: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki hakiruhusu riba ya mkopo uliokwama izidi salio la mkopo lililokuwapo siku ulipokwama. Bei ya shamba nayo ikaguliwe. Likiuzwa kwa upungufu wa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, Sheria ya Ardhi huichukulia benki kuwa imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo.

Hoja hizi zote zina nguvu zikifika mahakamani Nyeri kabla ya nyundo. Kifungu cha 102 cha Sheria ya Ardhi kinamruhusu mkopaji kulipa deni na kukomboa mali yake wakati wowote kabla benki haijafikia mapatano ya mauzo na mnunuzi. Mnadani, mapatano hayo hufikiwa nyundo inapogonga. Ndugu aliyeko Marekani anaweza kusema bado kuna muda, na huenda anasema kweli kwa anakoishi: katika jimbo la Michigan mwenye nyumba kwa kawaida hupewa miezi sita ya kuikomboa hata baada ya mnada. Kenya haina nafasi hiyo. Kifungu cha 99 humlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, na aliyeonewa na uuzaji mbovu huachiwa kuidai benki fidia ya fedha.

Je, wahame lini basi? Si jioni ya mnada. Mnunuzi hulipa amana kwanza, kwa kawaida asilimia 25, kisha salio, halafu uhamisho husajiliwa. Akishakuwa mwenye ardhi na familia bado imo, kifungu cha 152E, kilichoingizwa na marekebisho ya 2016, kinamtaka atoe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kwa anayekalia ardhi bila haki. Nakala hupelekwa kwa naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa eneo. Familia inaweza kwenda mahakamani kupinga notisi hiyo au kuomba muda zaidi. Vijana wanaotumwa alfajiri kung'oa mabati hawana uhalali wowote: kifungu cha 152G kinataka wanaohamisha watu wajitambulishe na waonyeshe idhini rasmi, na mali ya wanaohamishwa ilindwe.

Hata hivyo, kukaa kwa ukaidi kuna gharama. Mnunuzi anaweza kudai fidia ya kila mwezi aliozuiwa kuitumia nyumba yake, na deni jipya likaota juu ya la zamani. Afadhali miezi hiyo mitatu itumike kuvuna, kuhamisha mifugo na kutafuta shule.

Jambo moja husahaulika kabisa. Chini ya kifungu cha 101, pesa za mnada zikishalipa kodi na ada za ardhi, gharama na madeni yote yaliyowekewa rehani mali hiyo, kinachobaki ni cha mkopaji. Aiandikie benki barua, adai hesabu kamili ya mauzo na kila kilichokatwa, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.