Hashim na Biyombo: Nani Zaidi Chini ya Kikapu?

 

Ukipekua mafungu ya mitumba siku ya gulio hukosi jezi namba 23. Ikiwa nyekundu, hiyo ni ya Michael Jordan wa Chicago Bulls. Ikiwa ya njano, hiyo ni ya LeBron James wa Lakers. Vijana wawili wakikutana nazo kwenye kijiwe cha bodaboda, abiria utasubiri. Wa Jordan atakwambia fainali 6, ubingwa 6, hakupoteza hata moja. Wa LeBron atajibu ubingwa 4 na timu 3 tofauti, tena tangu Februari 2023 alipompita Kareem Abdul-Jabbar hakuna aliyefunga pointi nyingi kama yeye katika historia ya NBA. Wataendelea hivyo mpaka magharibi.

Sina ugomvi nao. Ila fainali za NBA huanza kama saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu, wakati hapa kwetu Hale nzima imelala isipokuwa walinzi na mafundi wa zamu kule kwenye mitambo ya umeme. Tunachobishania ni vipande vya nusu dakika vya kwenye simu, bando likiruhusu. Katika vipande hivyo kila mtu anaruka na kila mtupo unaingia.

Leo nataka tubishane juu ya watu wetu. Wawili waliotoka kwenye Kiswahili wakafika NBA, wakafanya kazi moja, kazi ya senta, ya kusimama chini ya kikapu na kumwambia mwenzako hapa hupiti. Mmoja ni Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, ambaye nyumbani ni Hashim Thabit Manka. Mwingine ni Bismack Biyombo wa Lubumbashi, Katanga, mji ambao sokoni unanunua unga kwa Kiswahili. Nani zaidi?

Najua mnachotaka kusema. Mtaanza na kichekesho kile cha mwaka 2009. Katika drafti ya mwaka ule, yaani siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Blake Griffin alichaguliwa wa 1, Hashim akachukuliwa wa 2 na Memphis Grizzlies. Wa 3 alikuwa James Harden. Wa 7 alikuwa Stephen Curry. Kwa hiyo kila mwaka Wamarekani wakitaka kucheka, humtoa Hashim kabatini: tazama nani aliyechukuliwa kabla ya Curry! Na sisi huku tunacheka nao, ndugu zangu, jambo ambalo sijalielewa mpaka leo. Hashim hakujichagua. Waliokaa mezani Memphis ndio waliochagua, tena timu nyingine zingekuwa na haki ya kucheka kama zenyewe zisingefanya vilevile. Maana mwaka 2011 Biyombo naye alichaguliwa wa 7, akaishia Charlotte. Nyuma yake walibaki Klay Thompson, wa 11, na Kawhi Leonard, wa 15. Umewahi kumsikia mtu akimcheka Biyombo kwa hilo? Hata mara moja?

Basi kipimo hicho tukitupe. Tupime kazi.

Hashim alianza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani wameshauchezea karibu miaka 10. Akapita shule ya sekondari Houston, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, na ndani ya miaka 3 tu alikuwa ukuta. Mita 2.21. Mwaka 2008 na 2009 alikuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East, ambayo wakati ule ilikuwa ngumu kuliko karibu zote. Siku moja mwaka 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11, akazuia mitupo 10. Kuzuia mitupo 10 katika mchezo mmoja! Mwaka huohuo Connecticut ikafika nusu fainali ya taifa.

Kuna kipande kimoja cha mwaka ule kinachozunguka sana, nacho ni cha DeJuan Blair wa Pittsburgh akimvuta Hashim mkono na kumpindua begani kama gunia. Kipo, sikikatai. Ila anayekutumia kipande hicho hakwambii kwamba msimu ulipoisha, tuzo ya mchezaji bora wa Big East waligawana wawili: Blair huyo, na Hashim.

Biyombo alikuja kwa njia nyingine. Aliondoka Lubumbashi akiwa kijana mdogo, akapitia Yemen, kisha Hispania, kwenye timu ya Fuenlabrada, akicheza na watu wazima wanaolipwa mishahara. Sio mrefu sana kwa kazi ile, mita 2 na ushei kidogo. Aprili 2011 akaenda Portland kwenye mchezo wa vijana wa dunia dhidi ya vijana wa Marekani, akafunga pointi 12, ribaundi 11, na, sikilizeni, akazuia mitupo 10. Karibu hesabu ileile ya Hashim. Kwa hiyo mlangoni waliingia sawasawa.

Baada ya hapo njia zikaachana, na hapa ndipo nataka tuchimbe.

Hashim alikwenda timu nzuri. Memphis ilikuwa na Marc Gasol pale katikati, na ikamleta Zach Randolph mwaka uleule. Mtoto aliyejifunza mchezo kwa miaka 7 au 8 tu akawekwa nyuma ya watu hao. Msimu wake wa kwanza alicheza dakika 13 kwa mchezo, na katika dakika hizo chache alizuia zaidi ya mtupo mmoja kila mchezo, kasi ambayo masenta wengi wa dakika 35 hawaifikii. Lakini alikuwa mzito wa miguu na mwepesi wa faulo, na kasoro hizo huziponi kwa kukaa benchi. Februari 2010 wakampeleka ligi ndogo, Dakota. Mwaka uliofuata akauzwa Houston, kisha Portland, kisha akajiunga na Oklahoma City, na kila alikofika alikuta mtu kwenye kiti. Mwisho wa hesabu: michezo 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7.

Biyombo yeye alibahatika kuangukia timu mbovu. Nasema alibahatika na simaanishi kejeli. Charlotte ya msimu wa 2011 na 2012 ilishinda michezo 7 ikapoteza 59, na kwa uwiano wa ushindi hakuna timu iliyowahi kufanya vibaya hivyo katika NBA. Timu ya namna hiyo haina cha kupoteza kwa kumpa kijana dakika 23 kila usiku akosee hadharani. Akakosea hadharani. Mitupo ya adhabu ilikuwa aibu tupu. Lakini kila kosa lilikuwa darasa, na mwalimu hakumtoa nje.

Kisha ikafika Mei 2016, akiwa na Toronto, fainali ya kanda ya mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron huyohuyo mnayemvaa. Jonas Valančiūnas, senta wa kawaida wa Toronto, alikuwa ameumia kifundo cha mguu. Mchezo wa 3, Biyombo akaanza, akachukua ribaundi 26. Toronto wakashinda 99 kwa 84. Wiki chache baadaye Orlando wakampa mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 72. Naye hakusahau alikotoka: baba yake alipofariki mwaka 2021, mshahara wake wa msimu uliofuata, dola milioni 1.3, aliutoa wote kujengea hospitali nyumbani Congo. Hilo halimfanyi awe senta bora, najua, lakini nisingelipita kimya.

Mtu wa Hashim ataniambia: mpe Hashim timu ile mbovu na dakika zile, uone. Nimeifikiria sana hoja hiyo na nusu yake naikubali. Nusu ya pili siikubali, kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa unabadilika. Miaka ileile timu zilianza kutupa pointi tatu kwa wingi, na senta akalazimika kutoka chini ya kikapu kuwafuata wafupi wenye chenga hadi nje ya mstari. Biyombo aliweza kutoka na kurudi. Hashim akitoka alikuwa ameshapitwa. Sisi wa huku tuliozungukwa na mashamba tunaelewa: mlingoti wa mkonge ndio unaoonekana tangu barabara kuu, lakini mkataji hulipwa kwa mafungu ya majani. Memphis walinunua mlingoti.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni Biyombo, na si kwa tofauti ndogo. Zaidi ya michezo 800 ya NBA si bahati. Timu haziwezi kukosea juu ya mtu mmoja kwa misimu 14 mfululizo.

Lakini ukibadilisha swali kidogo, ukaniuliza nani alikuwa na mwaka mmoja mkubwa kuliko mwenzake, nakupa Hashim wa 2009 bila kusita. Biyombo hajawahi kuwa na msimu ambao makocha wa timu pinzani walikaa wiki nzima wakipanga namna ya kumkwepa mtu mmoja. Hashim alikuwa nao, akiwa na miaka 22, akitokea nchi ambayo haikuwahi kumpeleka mtu NBA kabla yake.

Na kama tunataka mwamuzi wa haki, yupo. Anaitwa Kemba Walker. Alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza Connecticut kwenye timu ileile ya Hashim, kisha Charlotte wakamchagua wa 9 usiku uleule wa Biyombo, wakacheza pamoja kwenye ile timu ya ushindi 7. Wote wawili wamemlinda mgongo. Akipita Segera mshusheni, mumuulize kwa niaba yangu.

Wa Hashim, laini ziko wazi. Pigeni.