NANI AFUNDISHWE KUWA MSHAURI WA WATU WENYE ULEMAVU?

(Maneno ya mfanyakazi wa jamii mbele ya mkutano wa wakazi)



Juma hili wanachaguliwa watu wa kufundishwa ushauri wa utengemao, yaani kumsaidia mtu mwenye ulemavu arudi katika shughuli za nyumbani, shule na riziki. Masharti yaliyobandikwa ni cheti cha sekondari na Kiingereza. Mimi ninavyo vyote viwili, lakini nasema si haki. Yanamwacha nje asiyeona ambaye hakupata shule, na mama aliyemlea mtoto asiyetembea miaka kumi.

Tazameni Tororo, mpakani na Kenya. Uganda ilianza utengemao wa kijamii mwaka 1992 kwa msaada wa chama cha watu wenye ulemavu cha Norway, na Tororo ikawa wilaya ya mfano. Baadaye kazi ikafika Busia, iliyokuwa sehemu ya Tororo hadi 1997. Katika utaratibu huu mshauri hangoji ofisini. Huenda nyumbani, akamwonyesha mzazi jinsi ya kusimika fito mbili sambamba ili mtoto ajifunze kusimama. Kwa hiyo anahitaji lugha ya nyumba ile: Kijopadhola, Kiteso, Kisamia. Kiingereza ni cha ripoti.

Tena, kwa sheria ya mwaka 1997, baraza la wilaya Uganda lina viti viwili vya watu wenye ulemavu, kimoja cha mwanamke. Anayekaa barazani atashindwaje kukaa darasani? Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, unataka wahudumu wafundishwe haki za watu hawa, si mazoezi ya viungo peke yake.

Sisi wakimbizi tuna sababu nyingine. Mwaka 2008 Wakenya waliokimbia ghasia waliwekwa Mulanda, huko huko Tororo, kisha wakahamishiwa Kiryandongo. Kambi huhama. Mshauri aliyeajiriwa anaweza kubaki nyuma, lakini alichofundishwa mama husafiri naye.

Tunaliomba shirika nusu ya nafasi ziwe za watu wenye ulemavu na walezi wao, masomo yawe kwa Kiswahili, na mkalimani wa lugha ya ishara awepo. Viongozi wa vitongoji wanaandika majina hadi Ijumaa. Mwenye jirani asiyeweza kufika, amuulize kwanza kama anataka, ndipo amwandikishe.