Taarifa Isomwe Kwanza na Wenye Mradi

Wapendwa wajumbe wa kamati za sharika na marafiki mnaotuchangia,

Tovuti ya miradi yetu imejengwa kwa Django, programu huria iliyotolewa kwa umma mwaka 2005. Programu hii huchagua lugha kwa utaratibu. Kwanza hutazama anwani ya ukurasa, kama ina /sw/ au /en/. Isipoona, hufuata lugha uliyochagua mara ya mwisho, kisha lugha ya kivinjari chako, na mwisho lugha tuliyoiweka sisi.

Lakini kuchagua lugha si kutafsiri. Maneno ya vitufe hutoka katika faili la tafsiri tuliloliandaa. Taarifa ndefu tunaziandika wenyewe kwa kila lugha. Pasipo na tafsiri, Kiingereza hubaki, wala hakuna onyo.

Ndivyo ilivyotupata. Mzee mmoja wa kanisa alibonyeza "Kiswahili" asome habari za kisima cha usharika wake. Vitufe viligeuka, taarifa haikugeuka. Mfadhili aliye mbali alijua fedha zilivyotumika. Mwenye kisima hakujua.

Kosa lilikuwa letu ofisini. Kuanzia sasa taarifa haitawekwa kwenye tovuti kabla kamati ya usharika husika haijaisoma kwa Kiswahili. Kamati, tunaomba kila moja iteue msomaji. Wafadhili, mtuvumilie taarifa ikichelewa kidogo. Itawafikia ikiwa imethibitishwa na wenye mradi.