Nani Ashike Ufunguo wa Kamera?

(Maneno kwa wasimamizi wa zahanati na hosteli zetu, Dodoma)



Tulifunga kamera ili kulinda dawa, mali na watoto tuliokabidhiwa. Leo tujiulize: picha zenyewe zinalindwa na nani? Katika kituo chetu kimoja tulikuta neno la siri limebandikwa ukutani, juu ya mashine ya kurekodi. Walilitumia mlinzi, mhasibu, hata fundi aliyekwisha kuacha kazi. Kamera mojawapo inatazama mlango wa kliniki ya wanaoishi na VVU. Mama anayetoka Bahi kuja kwetu ili asijulikane kwao, tumemfichia nini? Wala hatuwezi kujua nani alitazama, kwa kuwa wote waliingia kwa jina moja.

Hata wakubwa huteleza. Mwaka 2021 wadukuzi walipata akaunti moja yenye mamlaka yote katika kampuni ya Verkada ya Marekani. Wakafikia kamera zipatazo 150,000, zikiwemo za hospitali na shule.

Kwa hiyo tumeazimia ngazi tatu. Mlinzi wa zamu ataona picha za wakati huohuo tu. Msimamizi wa kituo ataweza kurudia zilizopita. Kunakili, kufuta na kusajili watumiaji ni kazi ya fundi wetu wa kompyuta, kwa idhini ya maandishi ya mkurugenzi.

Kila mtu awe na jina na neno la siri lake. Akiacha kazi, vifutwe siku hiyohiyo. Neno la siri la kiwandani libadilishwe kabla ya kamera kuanza kazi. Mashine ikae chumba kinachofungwa. Kila nakala iandikwe daftarini: tarehe, aliyeomba na sababu.

Mtauliza: mwizi akija usiku? Mlinzi atamwona, atapiga simu polisi na kwa msimamizi. Picha haitapotea, asubuhi itakuwepo.

Hata sheria inatudai hivyo. Katiba, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Tukirudi vituoni, tuanze kwa kuibandua karatasi ile ukutani. Mama yule ametuamini, tusimwaibishe.