Stesheni ya Mombo: Mlango wa Usambara



Historia ya Injili katika Usambara haiwezi kusimuliwa na kuiacha kando stesheni ya Mombo. Wamisionari wa kwanza walipofungua kituo cha Mlalo mwaka 1891, reli haikuwapo. Kila sanduku la vitabu na la dawa lilipanda mlima juu ya kichwa cha mpagazi.

Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyoujenga iliishiwa fedha baada ya kufika Muheza mwaka 1896, na mwaka 1899 serikali ya Kijerumani ikaichukua kazi hiyo. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, na Mombo, kilomita 129 kutoka Tanga, mwaka 1905. Kwa miaka kadhaa Mombo ilikuwa mwisho wa safari ya garimoshi na mwanzo wa safari ya miguu kuelekea milimani. Mwaka 1911 reli ilifika Moshi.

Siku ya shukrani ni siku ya kusema kweli pia. Stesheni hiyo haikujengwa kwa ajili ya mwanakijiji. Ilijengwa ili katani, kahawa na mbao za walowezi zishuke pwani. Wasambaa walilazimishwa kubeba kadi ya kazi, iliyowadai siku 30 za kibarua kila miezi minne. Mwaka 1916 majeshi ya Wajerumani, yakirudi nyuma, yalibomoa madaraja ya reli hiyohiyo.

Hata hivyo, wananchi waliifanya stesheni kuwa yao. Dirisha la tiketi, ghala la vifurushi, mfuko wa barua na simu ya maandishi viliunganisha kijiji na ulimwengu. Hapo alishuka mwalimu aliyehamishwa, na mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali ya Bumbuli. Hapo kijana aliagwa akienda kutafuta kazi, na hapo ilipokelewa habari ya msiba. Treni ilipowasili, mama mwenye kikapu cha ndizi alikuwa na soko.

Mwaka 1963 ulileta muungano wa aina mbili. Njia mpya kati ya Mnyusi na Ruvu iliiunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati, na mwaka huohuo makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT.

Kisha ukaja ukimya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika la reli la nchi likabaki na mzigo mzito. Katika miaka ya 1990 treni za abiria zilikoma. Aliyeumia zaidi ni mtu mwenye mzigo mkubwa na fedha kidogo, ambaye nauli ya basi ilimlemea. Ukimya huo ulidumu zaidi ya miaka 20, hadi Desemba 2019, treni ya abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi ilipopita tena chini ya milima hii.

Katika miaka yote hiyo, milima haikuhama wala tuta la reli halikuondoka. Waliokosekana ni watu wa kufyeka majani, kukaza misumari na kubadili mataruma yaliyooza. Reli hudumu kwa kazi hiyo ndogo isiyosifiwa na mtu.

Ndivyo ilivyo kwa usharika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani walipoondolewa nchini, walimu na wazee wenyeji ndio waliofungua milango ya makanisa Jumapili, wakafundisha watoto na kuzika wafu. Kwa sababu yao, Injili haikukoma katika vijiji hivi. Miaka mia moja ijayo inawahitaji watu wa namna hiyo, ambao majina yao huenda yasiandikwe katika kitabu chochote.

Mungu aubariki usharika, na awape vijana wake moyo wa kutunza walichopokea. Amina.