Moshi Baada ya Injini Kufungwa Upya

Gari limekaa gereji wiki mbili. Silinda zimechongwa, pistoni na ringi ni mpya, na mwenye gari amelipa fedha alizozidunduliza kwa miezi mingi. Injini inawashwa, na bomba la nyuma linatoa wingu la moshi. Hapo ndipo ugomvi huanza. Mwenye gari hudai ametapeliwa; fundi, kwa kuona haya, hukimbilia spana ili aifungue injini upya. Mara nyingi wote wawili wana haraka isiyo na sababu.

Moshi wa dakika za kwanza si ushahidi wa kosa. Wakati wa kuifunga injini, fundi hupaka oili kwenye ringi na kuta za silinda, nayo sharti iungue. Tena, ikiwa injini ilikuwa ikila oili kabla ya matengenezo, bomba la moshi huwa limelowa ndani, na masalio hayo huendelea kufuka hata baada ya injini kupona. Ringi nazo huhitaji mwendo wa kilomita mia kadhaa, wenye mzigo wa kadiri, ili zikubaliane na kuta za silinda. Kuiacha injini mpya ikinguruma mahali pamoja kwa saa nyingi ni desturi mbaya: kuta hulainika kama kioo, na ringi hukosa pa kushika. Ikinguruma ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake huua, hata usipoonekana.

Moshi usiopungua ndio wa kuchunguzwa. Mweusi ni mafuta yanayozidi hewa. Hauhusiani na ringi, na kuifungua injini kwa ajili yake ni hasara tupu. Wa buluu ni oili, na hapo saa ya kutokea husema mengi kuliko rangi. Ukitoka pale gari linapowashwa asubuhi, au linapoondoka baada ya kusimama foleni, kisha ukatoweka, washukiwa ni raba za vali, ambazo katika injini nyingi hubadilishwa bila kuiteremsha injini. Ukizidi kila dereva anapokanyaga mafuta, shaka huelekea kwenye ringi. Huenda zimepinduliwa, kwani nyingi huwa na alama ya kutazama juu. Lakini kwanza itazamwe vali ndogo ya kupumulia injini. Ikiharibika, oili hupita huko na ringi zikasingiziwa.

Injini ya Toyota ya 1ZZ-FE ni mfano mzuri. Zile za mwanzo zilijulikana kwa kula oili, kwa kuwa matundu madogo ya kuirudisha oili kwenye pistoni yaliziba. Anayeweka ringi mpya juu ya pistoni zile zile bila kuyazibua matundu hayo ameahirisha tu tatizo.

Hukumu ya ringi hutolewa na kipimo cha mgandamizo. Silinda ikionyesha kiwango cha chini, hutiwa kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupimwa tena. Kiwango kikipanda, ringi zinavujisha. Kisipopanda, kosa liko kwenye vali au gasketi.

Nchini Uingereza, moshi mzito wa buluu au mweusi huweza kuliangusha gari katika ukaguzi wa kila mwaka. Huko huko, mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi humtia hofu bure mgeni aliyezoea joto la Mombasa au Muscat; injini ikipata moto, hutoweka.

Mweupe unaobaki injini ikiwa na moto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni jambo jingine kabisa. Gasketi imepasuka, au boliti za silinda hedi hazikukazwa kwa mpangilio na nguvu inayotakiwa, au hedi yenyewe imepinda. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kabla injini haijapoa. Kijiti cha oili kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia kwenye oili, na beringi mpya zitasagika kwa safari fupi tu. Gari hilo lisiendeshwe hata kurudi gereji, livutwe.